Kati ya Mganga na Zahanati: Mgonjwa Anapotelea Wapi?

Kwenye benchi la nje la zahanati, iwe Urambo au Kaliua mkoani Tabora, au Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, wagonjwa wengi mahututi wanaoshushwa kwenye bodaboda wana mahali walikopitia kabla. Kuna aliyeanzia duka la dawa, kuna aliyeanzia kwa mganga, na wapo waliopita kote kuwili. Mjadala wa jambo hili ukifika redioni hugeuka kuwa ubishi wa kama mitishamba inatibu au haitibu. Huo ni ubishi mdogo. Anayefia njiani kati ya tiba hizi mbili kwa kawaida ameuawa na saa zilizopotea, au na siri: kuna kitu alikunywa, na aliyempokea hospitali hakuambiwa.

Tuanze na mtoto wa miezi minane anayeharisha kwa siku ya pili. Utosi umebonyea, macho yameingia ndani, na ukiivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili inarudi polepole. Bibi yake anasema utosi umeshuka, apelekwe akapakwe dawa. Muuguzi akiuona utosi uleule anasema maji yamepungua mwilini. Wote wawili wameiona dalili sawasawa. Dawa inayopakwa kichwani kwa kawaida haimuui mtoto. Kinachomuua ni kungoja utosi urudi juu wakati anaendelea kuharisha bila kurudishiwa maji na chumvi.

Kwa hiyo hapa hakuna haja ya vita. Bibi apake, lakini kijiko kianze kazi saa hiyohiyo. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, inakorogwa kwenye lita 1 kamili ya maji safi, yaani chupa mbili za maji za nusu lita. Kosa linaloonekana sana ni kuimimina pakiti nzima kwenye chupa moja ndogo ya soda: chumvi inazidi na mtoto anaharibikiwa zaidi. Kosa la pili ni kumnywesha kikombe kizima kwa mkupuo, akatapika chote. Apewe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mililita 50 hadi 100, na kunyonya kunaendelea kama kawaida. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 unamwagwa. Mtoto akishindwa kunywa, au akilegea na kusinzia, hapo kijiko hakitoshi tena na safari ianze.

Degedege na sindano

Utosi ni jambo jepesi. Degedege ndiyo inayogombanisha.

Mikoa hii miwili, Tabora na Kigoma, ina malaria nyingi kuliko karibu kwingine kote nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza, asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea. Ule wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza kwa asilimia 23. Mtoto mwenye malaria kali anakakamaa, anageuza macho, anatoka povu. Kwa wazee wengi hiyo si malaria hata kidogo. Malaria ni homa na kutetemeka. Hiki kinachomkunja mtoto ni kitu kingine, na hospitali hakiwezekani. Linafuata onyo ambalo kila mama amewahi kulisikia: mwenye degedege akichomwa sindano anakufa.

Onyo hilo halikutoka hewani. Mtoto aliyefukizwa na kuogeshwa dawa siku mbili hufika wodini akiwa amechelewa, anachomwa, anafariki, na kijiji kinakumbuka jambo la mwisho lililotendeka, ambalo ni sindano. Na kuna lingine ambalo watu wa afya hawalisemi sana. Kwinini, iliyokuwa sindano ya malaria kali kwa miaka mingi, hushusha sukari kwenye damu, na malaria kali yenyewe hushusha sukari. Mtoto ambaye hajala tangu jana, akachomwa kwinini bila kupimwa sukari, angeweza kweli kuzimika muda mfupi baadaye. Walioogopa waliona kitu halisi. Walichokosea ni sababu yake.

Dawa imebadilika tangu wakati huo. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa sindano ya atesuneti ilipunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na kwinini. Ndiyo inayotumika sasa: mtoto anapopokelewa, kisha baada ya saa 12 na saa 24 tangu hapo, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa mwenye kilo 20 au zaidi. Akishaweza kumeza, anapewa dozi kamili ya dawa ya mseto. Hapa wengi huharibu. Baada ya sindano mtoto anaamka, anacheza, anaomba uji, na wazazi wanaaga kabla vidonge havijaanza. Vimelea vilivyobaki vinarudi, na mtaani inasemwa dawa ya hospitali haikufaa.

Nyumbani, mtoto anapokakamaa, mlaze ubavu na umlegezee nguo. Usimtie kitu mdomoni: si kijiko, si mafuta, si dawa ya kunywa, kwa sababu mwenye degedege hawezi kumeza na kinachoingia kinakwenda kwenye mapafu. Kumfukiza moshi kunamnyima hewa wakati ule anaoihitaji kuliko kawaida. Zahanati ikiwa mbali, mtoa huduma aliye karibu anaweza kuwa na atesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, ambayo hununua muda wa safari. Inanunua muda tu, haimalizi matibabu.

Mrina asali anayelala mchana

Kuna ugonjwa mmoja ambao kwa Tabora na Kigoma ungefaa kujulikana kuliko unavyojulikana, kwa sababu unaziangusha tiba zote mbili kwa pamoja. Ni malale, yaani ugonjwa wa usingizi.

Mbung'o wa mapori ya Ugalla na Moyowosi wanabeba vimelea vya malale, na wanaowafuata huko ni warina asali, wawindaji, wakata mbao, wavuvi wa mito na wachungaji. Mtu anang'atwa. Siku chache baadaye palipong'atwa panavimba na kuwa jipu lenye wekundu, ambalo kwa wengine halionekani kabisa. Homa inakuja na kuondoka, kichwa kinauma, tezi za shingo zinavimba. Malale ya upande wetu ni ya haraka. Haisubiri miaka kama ile ya Afrika Magharibi na Kongo. Ndani ya wiki au miezi vimelea vinaingia kwenye ubongo. Sasa mwanamume aliyekuwa mpole anafoka, anaongea peke yake, anashinda amesinzia na kukesha usiku, anasahau majina ya watoto wake. Bila tiba, kwa kawaida hamalizi miezi sita.

Familia inasema ana jini, au kuna mtu kamtupia kitu akiwa porini. Mganga anamwekea kambi ya wiki tatu, ngoma na dawa za kuoga. Lakini kabla ya kumlaumu mganga, tuangalie zahanati alikoanzia. Alichukuliwa tone la damu kwa kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo kile hutafuta protini ya kimelea cha malaria tu. Cha malale hakionekani hata kiwe kingi vipi. Mwenye malale akiwa pia na vimelea vya malaria, jambo la kawaida huku, kinasoma chanya, anapewa dawa ya mseto, na kila mtu anaridhika. Zamani damu ilikuwa ikiangaliwa kwa hadubini, na mtaalamu wa maabara aliweza kuviona vimelea vya malale vikijipinda katikati ya chembe za damu ingawa alikuwa akitafuta malaria. Kipimo cha haraka ni kizuri sana kwa kazi yake, lakini kilipoitoa hadubini mezani, jicho hilo la bahati liliondoka nalo.

Kinachookoa ni swali moja la kizamani: ulikuwa pori gani mwezi uliopita? Homa isiyoisha baada ya dozi kamili ya malaria, kwa mtu aliyetoka porini, ni sababu ya kuomba damu iangaliwe kwa hadubini, kwenye hospitali ya Kitete mjini Tabora, Maweni mjini Kigoma, au hospitali yoyote yenye maabara inayoeleweka. Mganga naye anaweza kuuliza swali hilohilo. Wako wanaoyajua mapori hayo kuliko daktari yeyote aliyehamishiwa jana.

Hofu ya tiba ya malale nayo ina mizizi yake. Ili kujua kama vimelea vimefika kwenye ubongo, hospitali huchukua maji ya uti wa mgongo, na watu husema sindano ya mgongo inapoozesha. Kisha dawa ya hatua ya pili, melasoprolo, imetengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Inaunguza mshipa na iliwaua baadhi ya wagonjwa iliokuwa ikiwatibu. Aliyeona ndugu yake akifa kwa sindano hiyo hakuhitaji mganga kumtisha. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya kumeza pamoja na chakula kwa siku 10, kwa malale ya aina yetu pia. Habari hiyo inafaa ifike kwa wazee wa vijiji, maana ile ya zamani ilishafika siku nyingi.

Mti, sufuria na kipimo

Kwamba mti una dawa hakuna mtu wa maabara anayebisha. Atemeta iliyomo kwenye dawa ya mseto ni mjukuu wa mmea wa Kichina, Artemisia annua. Mwanasayansi wa China Tu Youyou, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, na wenzake walisumbuka kwanza kwa sababu joto liliharibu kiini cha dawa. Andiko la tiba la karne ya 4 lilisema mmea ulowekwe na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Hapo akabadili njia, akatumia etha, kimiminika kisichohitaji moto mkali, na dawa ikapatikana. Mti uleule, tofauti ikawa kwenye sufuria. Ndiyo maana pia chai ya majani hayo haipendekezwi na Shirika la Afya Duniani: kiasi cha dawa kwenye kikombe ni kidogo na hubadilikabadilika, kinapunguza vimelea bila kuvimaliza, na vilivyobaki hujifunza usugu.

Lete hilo Tabora. Mlundalunda, unaochemshwa kwa maumivu ya tumbo na homa, hautoi nguvu ileile kila mara. Mzizi wa mti mzee si sawa na wa mti mchanga, magamba si sawa na majani, wa kiangazi si sawa na wa masika. Mganga mkongwe analijua hili na hupunguza au kuongeza kwa kuonja na kwa kumwangalia mgonjwa. Shida huanza dawa inapotoka mkononi mwake na kuingia kwenye chupa ya maji ya plastiki, inapandishwa basi, na kunyweka Dar es Salaam na mtu anayeamini kwamba vikombe viwili vitamponya haraka kuliko kimoja.

Kuna miti isiyosamehe makosa ya namna hiyo. Mti wa miombo uitwao kitaalamu Securidaca longipedunculata, wenye maua ya zambarau, unatambulika kwa mzizi wake: ukiukwangua unanuka kama dawa ya kuchulia misuli inayouzwa madukani, kwa kuwa una kemikali ileile, methili salisileti. Unatumika sana, na ni sumu. Kiasi kinachotibu na kinachoua hakiko mbali. Dalili za ini na figo kuzidiwa ni macho ya njano, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, kisha mkojo kupungua hadi kukauka, kichefuchefu na kusinzia. Hapo dawa inaachwa papo hapo, hata kama mganga alisema lazima umalize.

Na unga unaotuliza maumivu ya viungo ya miaka mingi ndani ya nusu saa, ukamfanya mtu ale sana na uso umvimbe ndani ya wiki chache, usimsifu aliyeuchimba. Huenda umechanganywa na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, za duka la dawa.

Uchungu wa kuzaa ndipo kipimo kinapohukumu haraka zaidi. Mama anakunywa dawa ya kuongeza uchungu nyumbani ili asikae sana wodini. Uchungu wa kawaida ukikolea huja mara tatu hadi tano ndani ya dakika 10. Mkunga akiweka mkono juu ya tumbo na kuhesabu sita au saba, na tumbo halilegei katikati, anajua kuna kitu. Kila mbano hupunguza damu inayomfikia mtoto. Pasipo kulegea, mtoto anachoka. Mama mwenye kovu la upasuaji, au aliyekwisha kuzaa mara nyingi, anaweza kuchanika mfuko wa uzazi. Hospitali nayo ina dawa ya kuongeza uchungu, oksitosini, ila hiyo inahesabiwa kwa matone na inafungwa ikizidi. Aliyekwisha kumeza ya mti hawezi kufungiwa. Akinyamaza, na mkunga asipohesabu akamtundikia dripu, zinakutana mbili.

Mambo yasiyo na mapatano

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Mtoto anavuja damu na anaweza kupata pepopunda, huku nimonia yake ikiendelea. Yanayoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya chonge. Anayevichokonoa kwa spoku ya baiskeli anaharibu na jino la ukubwani. Wembe wa chale uliotumika kwa mtu mwingine unabeba homa ya ini na virusi vya ukimwi. Mgonjwa aende na wembe wake mpya, ufunguliwe mbele yake.

Mifupa inataka neno zaidi, kwa sababu ya bodaboda. Waganga wa mifupa wako wanaounga vizuri mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi. Madhara hutokea kwenye vijiti vinavyokazwa siku ya kwanza. Mguu unaendelea kuvimba, kamba hailegei, damu haipiti, na misuli iliyokosa damu saa sita huanza kufa. Bonyeza kucha ya kidole gumba kisha uachie: wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, au vidole vimekuwa baridi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi vidole vikinyooshwa, kata kamba zote na mpeleke hospitali. Mfupa uliotoboa ngozi hauna mjadala.

Kwa nini bado anaanzia kwa mganga

Kwa sababu mganga yuko karibu na anangoja malipo. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua ana fedha masoko yakifunguliwa, Januari hana. Mganga anakubali kuku, debe la mahindi, au ahadi ya kulipwa mgonjwa akipona. Hospitali inataka fedha leo, na nauli juu yake. Kwa vijiji vya kusini mwa Uvinza vilivyo pembeni ya Ziwa Tanganyika, kama Kalya na Buhingu, safari ya Maweni inaweza kumaanisha boti, na ziwa likichafuka boti haitoki. Tena mganga anamkalisha mgonjwa na ukoo wake, anauliza nani kagombana na nani, shamba liliuzwaje. Daktari mwenye foleni ya watu sitini hana nafasi hiyo, na kwa maradhi mengine, hasa ya huzuni na hofu, mazungumzo yale yana faida.

Faida hiyo inaishia pale jibu linapokuwa jina la mtu. Ramli chonganishi imeua vikongwe wenye macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yaliharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Mganga wa mitishamba ni mtu mwingine mbele ya sheria: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua, na Baraza lake humpa usajili. Halmashauri zina waratibu wa tiba asili, na kwa mratibu ndipo pa kuuliza kama aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, anayetibu kisukari, mapenzi na mikosi kwa dawa moja, ana cheti.

Namna ya kuuliza, namna ya kusema

Siri inajengwa mlangoni. Muuguzi akiuliza, "Mmeshampeleka kwa mganga, eti?" jibu ni hapana, hata kama chale bado mbichi. Swali hilohilo linaulizika hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni na safari. Kabla hamjaja, mtoto ameshapata huduma gani? Ya kunywa, ya kupaka, ya kufukizwa?"

"Ya kunywa tu. Kikombe cha kahawa, jana jioni na leo alfajiri."

"Asante bibi, umenisaidia. Mmebakiwa nayo kidogo?"

Hapo muuguzi ameshapata njia, kiasi na saa, bila kumvunjia mtu heshima. Jibu hilo linaandikwa kwenye kadi, maana zamu ya usiku haitamkuta bibi macho.

Kwa upande wa ndugu, njooni na kilichobaki. Dawa iliyochemshwa ije kwenye chupa yake, bila kuongezwa maji. Mzizi ufungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, usije ukaota ukungu. Kama mti uko karibu na nyumbani, kijana mmoja akate tawi lenye majani, na ua au tunda kama lipo, kwa sababu mzizi mtupu ni mgumu kutambulika hata kwa mtaalamu wa mimea. Na namba ya simu ya mganga iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Akipigiwa usiku na kuulizwa kwa adabu alichanganya nini, wengi hujibu.